Midomo Kupasuka: Nta, Mafuta na Asali Visaidiane



Kipupwe kikiingia, kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, upepo wa Singida na Dodoma huwa mkavu, tena wa baridi asubuhi. Wakati huo watu wengi midomo yao hukauka, hubabuka na kupasuka. Kucheka ni taabu, kula ni taabu, hata kusoma kwa sauti ni taabu.

Siku moja mama mmoja, mwanakisomo wetu, alikataa kusoma mbele ya wenzake. Sisi walimu tulidhani amesahau herufi. Kumbe sivyo! Alikuwa akifungua mdomo damu inatoka. Akatuambia, "Mwalimu, nimepaka mafuta ya alizeti. Nimepaka na asali ya mizinga yetu. Yote kazi bure."

Tukamwuliza, "Na nta, mama, mnaipeleka wapi?"

Akajibu, "Tukishakamua asali, masega tunatupa."

Basi hapo tukajua kasoro iko wapi. Mama huyu alikuwa na vitu viwili vizuri, lakini cha tatu kiko jalalani. Leo tutaeleza jinsi vitu hivyo vitatu vinavyofanya kazi pamoja katika mafuta ya midomo.

KWA NINI MIDOMO HUKAUKA UPESI?

Ngozi ya uso na ya mwili ina vitundu vidogo sana vinavyotoa mafuta. Mafuta hayo huilinda ngozi isikauke. Lakini sehemu nyororo ya midomo haitoi mafuta ya kutosha kujilinda. Tena ngozi yake ni nyembamba mno. Kwa hiyo maji yaliyomo ndani yake hutoka upesi, kama maji ya nguo iliyoanikwa kwenye upepo.

Mtu akiona midomo imekauka, hufanya nini? Hulamba! Anapata nafuu kidogo tu. Mate yakikauka, midomo huwa mikavu kuliko kwanza. Zaidi ya hayo, mate yana kazi ya kuanza kusaga chakula kinywani. Yakikaa mara kwa mara juu ya ngozi nyembamba, huichokoza. Kulamba midomo ni sawa na kulipa deni kwa kukopa deni jingine.

KAZI TATU ZA MAFUTA YA MIDOMO

Mafuta mazuri ya midomo hufanya kazi tatu. Kila kazi ina kitu chake.

Kazi ya kwanza ni kuvuta maji. Hii ni kazi ya asali. Ukiacha asali wazi wakati wa masika, baada ya siku kadhaa utaona imekuwa nyepesi. Imevuta unyevu wa hewani. Lakini je, wakati wa kipupwe hewa ikiwa kavu, asali itavuta maji kutoka wapi? Itayavuta kutoka ndani ya mdomo wenyewe, halafu upepo utayachukua. Ndiyo maana asali peke yake haikumsaidia yule mama. Asali inataka kufunikwa. Katika mafuta mengi ya dukani, kazi hii hufanywa na glisirini.

Kazi ya pili ni kulainisha. Hii ni kazi ya mafuta ya maji, kama alizeti, ufuta au nazi. Mdomo uliokauka una magamba madogo yaliyoinuka. Mafuta huingia katikati ya magamba hayo na kuyalaza, na mdomo unakuwa laini. Lakini mafuta hayo hayakai. Mtu akinywa uji, yamekwenda na uji.

Kazi ya tatu ni kufunika. Hii ndiyo kazi ya nta. Nta hutolewa na nyuki vibarua chini ya tumbo, nao huitumia kujengea masega. Haipitishi maji kwa urahisi. Tena huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi, wakati joto la mwili wa mtu mzima wa afya ni karibu nyuzi 37. Kwa hiyo ikipakwa mdomoni haitiririki. Lakini nta nayo peke yake haifai. Ni ngumu, haipakiki, wala haina maji ya kuupa mdomo.

Hebu tufananishe na nyumba ya udongo. Mafuta ni udongo unaoziba nafasi kati ya fito. Nta ni paa. Asali ni mtungi wa maji ndani ya nyumba. Paa likikosekana, jua litakausha hata mtungi.

TULIVYOJARIBU DARASANI

Tulijaribu mara tatu. Mara ya kwanza tulichanganya mafuta na asali bila nta. Tulikoroga mpaka mkono ukachoka. Baada ya muda mfupi asali yote ilikuwa chini, na mafuta juu. Asali ina maji ndani yake, na mafuta na maji hayapatani.

Mara ya pili tulitia nta na mafuta sawa kwa sawa. Ikawa ngumu kama mshumaa! Mzee mmoja akasema, "Hii tuwashie taa."

Mara ya tatu tulitia nta kijiko 1 na mafuta vijiko 4, halafu asali kidogo sana. Tukaendelea kukoroga wakati mchanganyiko unapoa. Nta ilipoanza kuganda, ilivishika vitone vidogo vya asali kabla havijazama. Hapo tukapata mafuta laini, yanayokaa mdomoni. Kumbe nta haifuniki mdomo tu. Huwashikilia pia wawili wasiopatana.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, safisha nta. Chemsha masega katika maji, kwenye sufuria kuukuu. Chuja kwa kitambaa, kisha uache yapoe. Nta itaelea na kuganda juu. Itoe, ukwangue uchafu ulio chini yake.

Pili, weka nta ndani ya bakuli la bati, na bakuli ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Pima kijiko kikubwa 1 cha nta iliyoyeyuka. Ongeza vijiko vikubwa 4 vya mafuta. Koroga mpaka vyote viwe kitu kimoja.

Tatu, epua. Ongeza nusu kijiko cha chai cha asali. Usizidishe, maana ikizidi itazama. Koroga mpaka mchanganyiko uwe mzito, kisha utie katika kikopo safi na kikavu.

Nne, jaribu kwa kidole. Ikiwa ngumu, yeyusha tena uongeze mafuta. Ikiwa nyepesi, ongeza nta. Walio pwani wataongeza nta kidogo, kwa kuwa kwao kuna joto. Huko hata mafuta ya nazi hayagandi, kwani huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi.

Paka baada ya kunawa uso, mdomo ukiwa na unyevu kidogo. Paka tena kabla ya kulala.

Je, asiye na nyuki afanyeje? Atumie mafuta mgando ya dukani. Mafuta haya hutokana na petroli isiyosafishwa. Mmarekani Robert Chesebrough aliyasajili mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Nayo hufanya kazi ya kufunika, kama nta. Yakipakwa juu ya mdomo wenye unyevu, yanafaa sana.

TAHADHARI

Usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya moto. Inaweza kuwaka. Ikiwaka, funika kwa mfuniko. Usimwagie maji kamwe, kwani moto utaruka.

Usitie ndimu. Maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuiunguza na kuacha madoa meusi.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipakwe mafuta yenye asali. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo ni hatari kwa tumbo la mtoto mchanga. Mtengenezee ya nta na mafuta tu.

Kila mtu awe na kikopo chake. Vidonda vya midomo huambukizwa.

Mafuta haya huzuia upepo, hayazuii jua. Ndugu zetu wenye ualbino wavae kofia pana, na wapake dawa ya kuzuia jua hata midomoni.

Mwisho, kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki 3 si cha nta wala asali. Nenda zahanati. Hata pembe za mdomo zikichanika kila mara, nenda. Huenda ni ukungu wa ngozi au upungufu wa damu.

Yule mama alipaka mafuta yake kwa siku 10. Akaja darasani, akasimama, akasoma ukurasa mzima kwa sauti. Na masega nyumbani kwake hayatupwi tena.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kulamba midomo huiongezea ukavu?
2. Taja kazi tatu za mafuta ya midomo, na kitu kinachofanya kila kazi.
3. Kwa nini asali peke yake haisaidii wakati wa kipupwe?
4. Katika kijiji chenu, nta ya nyuki hutumiwa kwa kazi gani? Au hutupwa?