Matengenezo, ukarabati na sevisi: maneno ya kutunza viyoyozi

Kitenzi "tengeneza" kimetokana na "tengenea", yaani kuwa katika hali nzuri. Kwa sababu hiyo, "matengenezo" yanaweza kuwa kuunda kitu kipya, kurekebisha kilichoharibika, au kukitunza kisiharibike. Katika mazungumzo muktadha huondoa utata. Katika mwongozo wa fundi, muktadha pekee hautoshi, kama unavyoonyesha mfano wa viyoyozi vya majengo makubwa.

Katika hoteli au hospitali yenye mfumo wa pamoja wa maji baridi, mtambo mkuu hupoza maji hadi takribani nyuzi 7 za Selsiasi na kuyasukuma hadi kwenye kifaa cha kila chumba chenye feni na koili. Feni huvuta hewa, nayo hupita kwenye chujio na koili baridi. Mvuke uliomo hewani hugeuka matone, ambayo hudondokea kwenye sinia na kutoka kwa bomba. Chujio likijaa vumbi, chumba hakipoi ipasavyo. Bomba likiziba, sinia hufurika na dari huloa. Kazi ya kuzuia hayo ndiyo inayohitaji jina sahihi.

Matengenezo ya kawaida. Kazi inayorudiwa kwa ratiba, hata pasipo hitilafu. Istilahi hii imezoeleka nchini Tanzania katika sekta ya barabara, sambamba na "matengenezo ya muda maalumu". Panapokusudiwa kusisitiza lengo, "matengenezo kinga" hufaa.

Sevisi. Neno la karakana, linaloeleweka kwa wepesi: "Kiyoyozi kimefanyiwa sevisi." Linafaa katika mazungumzo na matangazo, katika mkataba, kazi zenyewe zitajwe moja moja.

Ukarabati. Kurejesha hali ya kitu kilichochakaa au kuharibika. Kuosha chujio si ukarabati, na mkataba unaokuita hivyo unaweza kuzua mgogoro wa malipo.

Angalia, kagua, safisha, badilisha. "Angalia chujio" haimwambii fundi afanye nini akishaliona. "Kagua" hudai uchunguzi wenye kigezo. "Safisha" na "badilisha" nazo zisichanganywe, kwa kuwa yapo machujio ya kuoshwa na kurudishwa, na yapo ya kutupwa.

Jaza gesi. Usemi huu umezoeleka kwa viyoyozi vya nyumbani. Katika mfumo wa maji baridi, gesi imo kwenye mtambo mkuu. Koili ya chumbani hupitisha maji tu. Mfasiri akiuhamishia usemi huo huku, atamtuma fundi kutafuta kisichokuwapo. Kinachoweza kuhitajika ni kuondoa hewa iliyonaswa ndani ya koili, maana huzuia maji kupita. Maneno "iliyonaswa ndani ya koili" yasiachwe: "toa hewa" pekee inaweza kueleweka kuwa ni kupuliza hewa chumbani.

Linganisha:

Isiyo wazi: *Tengeneza kiyoyozi kila mwezi.*

Iliyo wazi: *Kila mwezi, zima umeme wa kifaa, safisha chujio, kagua sinia, kisha mimina maji kidogo kwenye sinia kuhakikisha kuwa bomba halijaziba.*

Sentensi ya pili ni ndefu zaidi, lakini kila kitenzi chake kinataja tendo moja linaloweza kuthibitishwa kuwa limefanyika. Hicho ndicho kipimo cha kitenzi katika mwongozo wa kazi.