Futi 3,000 ni Chini ya Mchanga

Wasee wengi wakiskia niko kwa shirika la ndege la mtandaoni (VA) wanadhani ni gemu tu. Acha nikushow vile hii kitu iko. Ukijiunga na VA unapewa nambari ya safari, unapiga hesabu ya mafuta, unasoma hali ya hewa. Halafu kuna programu inakaa kwa lapi ikirekodi kila kitu: umechoma mafuta ngapi, umeshusha magurudumu saa ngapi, umegusa ranwei ukishuka futi ngapi kwa dakika. Ukipaki, ripoti inaenda kwa wasee wa VA na wanaicheki mstari kwa mstari. Hapo hakuna kubahatisha.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Mombasa kuja Kanairo, HKMO hadi HKJK, na 737. Wiki mzima nilikuwa nakesha nikicheki video za wasee wa Ulaya, na wote walikuwa wanasema kitu moja: shuka mpaka futi 3,000, hapo utashika mwale wa ILS ukulete chini. Nikaishika hivyo hivyo. Nimepita Voi, nimepita Mtito, giza nje, taa za Kanairo zinaanza kuonekana. Nikazungusha kinobu ya autopailoti mpaka 3,000, nikatulia. Sauti ya ndege ikaanza kunipigia kelele nivute juu. Nikashika joistiki, mikono imelowa, lakini nilikuwa nimechelewa. Skrini ikaganda. Altimita ilikuwa inasoma 5,400 na kitu, na mi bado nangoja 3,000.

Ilinichukua usiku mzima kushika hii maneno. Altimita, ukiiseti na presha ya hapo uwanjani iliyopigiwa hesabu hadi usawa wa bahari, inapima kutoka usawa wa bahari. Mombasa iko futi kama 200 hivi, lakini JKIA ya Kanairo imekaa karibu 5,330. Yaani ndege ikiwa imepaki pale, injini zimezimwa, altimita tayari inasoma zaidi ya 5,000. Futi 3,000 kwa hiyo altimita ni chini ya mchanga. Wasee wa zile video hawakukosea, ju viwanja vyao viko karibu na usawa wa bahari. Mi ndio nilibeba nambari ya kwao nikaileta huku kwetu juu bila kuiuliza kitu.

Na si altimita pekee. Hewa ya Kanairo ni nyepesi. Ukikuja na noti 140 kwa dashibodi, ukweli ni ndege inakata hewa kwa noti zaidi ya 150, kwa hivyo inakula ranwei mob ikitua, na ikipaa pia. Hapo ndio unaelewa mbona ranwei ya JKIA imepita kilomita 4.

Kitu ya pili inachoma wasee wapya ni kuanza kushuka late. Dere wa mathree akishuka Mai Mahiu anaweka gia ndogo akiwa bado juu, hangoji kona imfikie. Ndege ni hivyo, ata zaidi, ju haiwezi kushuka na kupunguza spidi pamoja kirahisi. Hesabu yenyewe ni rahisi: kila futi 1,000 unazofaa kupoteza, weka maili 3 za baharini, halafu ongeza kama 10 za kupunguza spidi. Ukitoka Kanairo kwenda Msa ukiwa 29,000, anza maili karibu 100 kabla. Ukirudi ukiwa 28,000, toa kwanza zile 5,000 za Kanairo, unabaki na kama maili 80. Njia ni moja lakini nambari ni mbili.

VATSIM, ule mtandao wa kurusha hizi ndege za kompyuta pamoja na wasee wengine, nayo ina heshima zake. Iko tangu 2001, ni ya bure, na makontrola ni watu wanajitolea wakitoka job ama shule. Usijiunge ukiwa umesimama katikati ya ranwei, kuna msee anaweza kuwa yuko kwa hewa anakuja kutua hapo. Anzia kwa maegesho. Ukipewa maagizo, yaandike, halafu yarudie. Kontrola akikosekana, sema unaenda wapi kwa masafa ya 122.800 ndio wengine wajue.

Mi nilinunua daftari ya mbao na biro. Kabla niwashe injini, naandika juu kabisa mwinuko wa uwanja ninakoenda, nauzungushia duara, halafu chini yake maili za kuanza kushuka. Niliporudi HKJK mara ya pili, ukurasa ulikuwa na 5,330 kwa duara. Nilishika mwale nikiwa juu ya 7,000, flapsi nje, magurudumu chini, taa za ranwei zimenyooka mbele yangu. Nikagusa na futi 190 kwa dakika. Nimeiandika hapo kando ya duara, na tarehe.