Maji Mazito na Joto la Urani

Maji ya Mto Ruaha, kama maji yote ulimwenguni, yana haidrojeni ya namna mbili, wala jicho haliwezi kuzitambua. Katika kila chembe 6,500 hivi za haidrojeni, moja ina uzito maradufu ya wenzake. Maji yenye haidrojeni hiyo peke yake huitwa maji mazito. Chombo kijaacho kilo 10 za maji ya kawaida, kikijazwa maji mazito hupima kilo 11.

Basi, maji hayo yana kazi gani? Katika wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, karibu na Mto Mkuju, mna madini ya urani ardhini. Katika kila chembe 1,000 za urani, 7 tu hupasuka kwa urahisi. Chembe ipasukapo hutoa joto na kurusha vijichembe viitwavyo nyutroni. Nyutroni ikiigonga chembe nyingine ya namna ile, nayo hupasuka, na joto huzidi kutoka.

Lakini nyutroni iendayo mbio mno hupasua chache. Sharti ipunguzwe mwendo. Maji ya kawaida huipunguza, ila humeza nyutroni nyingi. Kwa hiyo sharti urani iongezwe kwanza zile chembe zipasukazo upesi, nayo ni kazi ya gharama kubwa. Maji mazito humeza chache sana, hata urani hutumika bila kuongezwa chembe hizo. Joto lake hugeuza maji mengine kuwa mvuke, na mvuke huzungusha mashine ya umeme. Kanada ilianza kupata umeme kwa njia hiyo mwaka 1962.

Faida hiyo ina hasara zake. Kuyatenga maji mazito ni kazi ngumu, na yakivuja ni mali iliyopotea. Urani iliyokwisha kutumika huwa nyingi, nayo hutoa mnururisho wenye hatari kwa miaka maelfu. Tena ndani yake mna plutoni, ambayo huweza kufanyizwa bomu. Mwaka 1974 India ililipua kifaa cha nyuklia kwa plutoni iliyotoka katika kinu cha maji mazito, kilichojengwa kwa msaada wa Kanada kwa ajili ya utafiti.

Kwa hiyo nchi itakayo kinu cha namna hii haina budi kuuliza mambo mawili: umeme utakaopatikana ni kiasi gani, na ni nani atakayeyalinda mabaki yake, leo na vizazi vijavyo.