TMA Wakitoa Angalizo Usikimbilie Kuvuna: Maana ya Maneno ya Kimbunga

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa baharini, simu yangu haikupumzika. Kijana mmoja mwenye mapapai hapa Kongowe alishavuna nusu ya shamba kwa hofu, yakiwemo ambayo hata mstari wa njano hayajaanza kuonyesha. Papai la hivyo haliivi vizuri, na dalali analijua kwa kulitazama tu. Nusu aliyoiacha ilibaki imesimama, akaiuza kwa bei yake ya kawaida. Hasara ile haikuletwa na upepo, ililetwa na picha ya kwenye WhatsApp yenye maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa.

Tuanze na TMA wenyewe. Wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Angalizo maana yake fuatilia, jiandae. Tahadhari maana yake madhara yanategemewa, chukua hatua. Tahadhari kubwa ni ya kuokoa watu kwanza, mazao baadaye. Chini ya taarifa huwa kuna mistari miwili ambayo wengi mnairuka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Hiyo ndiyo ya kusoma! Uwezekano mdogo wenye athari kubwa si sawa na uwezekano mkubwa wenye athari ndogo, hata kama neno la juu ni lilelile.

Sasa kimbunga chenyewe. Kwa bahari yetu, kituo cha kikanda kilichopo kisiwa cha Reunion ndicho kinachopanga madaraja. Kinaanza kama mgandamizo mdogo wa hewa. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa inakuwa dhoruba na inapewa jina. Kwa hiyo kuwa na jina tu hakumaanishi ni kimbunga kamili. Kimbunga ni kuanzia kilomita 118 kwa saa, na kuanzia 166 ni kimbunga kikali. Zile namba za 1 hadi 5 mnazoziona mtandaoni ni kipimo cha Wamarekani. Wao wanachukua wastani wa upepo wa dakika moja, Reunion wanachukua wa dakika kumi, ndiyo maana namba za kimbunga kilekile hazifanani. Hakuna anayeongopa hapo.

Kipimo hicho cha Wamarekani kinapima upepo peke yake. Mvua haimo. Hidaya kilishapungua nguvu kilipofika Mafia tarehe 4 Mei, lakini mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa. Mwenye mzigo wa ufuta au korosho njiani hakuulizwa ni daraja la ngapi. TMA wakisema mvua kubwa, wanamaanisha zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Piga hesabu: milimita 50 kwenye eka moja ni kama lita laki mbili za maji. Mfereji wako unazipeleka wapi?

Upepo nao una hesabu yake. Ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao tunauona sana kwenye angalizo, utakuchania nailoni ya kitalunyumba iliyolegea. Wa kilomita 80 ni habari nyingine kabisa kwa mpapai uliobeba.

Kuna wanaosema vimbunga haviji kwetu. Ni kweli ni vichache, kwa sababu tuko karibu na ikweta na hapo upepo haupati mzunguko wa kutosha. Lakini cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kinara wa karafuu. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth, kilichotutishia Mtwara kikaishia kuipiga Msumbiji, kilikuwa Aprili 2019. Jobo Aprili 2021, hiki kikafia baharini na watu wakawacheka TMA. Mimi sikuona cha kuchekesha, kimbunga kuishiwa nguvu njiani ni kawaida. Angalieni hiyo miezi lakini: Aprili na Mei, masika yenyewe, mahindi yako shambani na mbolea umeshalipia.

Kingine, kimbunga kikiwa mbali, tuseme Msumbiji au Madagaska, kinaweza kutuvutia unyevu wetu na mvua ikakata kwa siku kadhaa. Ukisikia hivyo na ulitaka kupanda au kuweka urea, subiri utabiri wa siku tano.

Mwenye vifaranga apange mkaa na taa mapema, umeme ukikatika usiku wa mvua bruda inapoa haraka. Na ninyi wa bonde la Ruvu, msisome taarifa ya Pwani peke yake. Maji ya Ruvu yanatoka milima ya Uluguru. Kongowe panaweza kuwa pakavu kabisa, mto ukapanda kwa mvua ya Morogoro. Taarifa ikiitaja Morogoro, pampu itoke bondeni siku hiyohiyo kabla jua halijazama.