Sura ya Tano: Spika za Masikioni za Bei Mbaya

Chukua Shure SE846, spika za masikioni zilizoingia sokoni mwaka 2013 kwa dola 999, uzisikilize mara mbili. Kwanza kaa njia panda ya Makambako, pale barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapokutana na ile ya Njombe na Songea, malori yakibadili gia mbele yako. Kisha panda uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, asubuhi isiyo na upepo. Wimbo ni ule ule, simu ile ile. Makambako utasifia besi na kuongeza sauti. Kitulo utamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Pesa nyingi inayolipwa juu ya spika za kawaida inanunua vitu vidogo kama pumzi hiyo, navyo ndivyo vya kwanza kumezwa na kelele.

Kiwambo na ulimi

Spika hizi hutoa sauti kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kiwambo: utando mwembamba ulioshikanishwa na koili, sumaku ikiichezesha, sawa na spika ya redio kubwa. Ya pili ni ulimi mdogo wa chuma unaotikisika katikati ya sumaku na kusukuma utando kwa kijiti. Ulimi ulitoka kwenye vifaa vya watu wenye usikivu hafifu. Mead Killion, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Knowles inayotengeneza vipuri vya vifaa hivyo, alianzisha Etymotic Research huko Marekani mwaka 1983. Mwaka 1991 kampuni yake ikatoa ER-4, yenye ulimi mmoja kila upande, inayozama ndani ya sikio na kuziba kelele za nje.

Ulimi ni mwepesi na hufuata vizuri mabadiliko ya haraka ya sauti, ila kusukuma besi nzito si kazi yake rahisi. Shure wakaweka ndimi nne kila upande na kuzigawia kazi, na besi wakaipitisha kwenye mfereji mwembamba uliochongwa katika bamba kumi za chuma, wenye urefu wa takriban sentimita kumi ukiunyoosha. Sennheiser wakaenda upande wa pili: IE 900 ya mwaka 2021, iliyotoka kwa takriban euro 1,300, ina kiwambo kimoja tu cha milimita 7 ndani ya gamba la alumini lililochongwa vyumba vitatu vya kutuliza mwangwi. Muuzaji akikusifia idadi ya spika zilizomo, basi, bado hajakwambia lolote kuhusu sauti.

Zinasikikaje

Kipimo kizuri ni sauti unayoijua bila spika. Njombe haina uhaba wa kwaya, na anayeimba sauti ya tatu kila Jumapili anajua besi na soprano zinakutana wapi. Weka rekodi nzuri ya kwaya kwenye ER4SR, toleo la mwaka 2016 la ile Etymotic: kila sauti inakaa mahali pake na maneno yanasikika yote, ila aliyezoea bongo fleva ataona besi imekonda. SE846 inaleta waimbaji karibu na kuipa besi mwili, huku ncha za juu kabisa zikiwa zimelainishwa. IE 900 inashuka chini sana na kung'aa juu sana, lakini waimbaji wanarudi nyuma hatua moja.

Kwa sauti nyembamba, tumia mlio wa Cisticola njombe, ndege mdogo wa nyanda hizi anayebeba jina la mji katika jina lake la kisayansi. Mlio wake ni mtetemo wa noti zinazofuatana haraka. Spika nzuri huzitenganisha. Mbovu huzichanganya zikawa mchakacho mmoja.

Kuna sababu ya spika iliyopimwa ikaonekana imenyooka kabisa kusikika imefifia. Tundu la sikio lililo wazi hukuza lenyewe sauti za karibu na hezi 3,000, eneo ambalo konsonanti nyingi za usemi hutegemea. Ukiliziba, ukuzaji huo unapotea, na mtengenezaji lazima aurudishe kwa makusudi. Akizidisha, herufi "s" inachoma. Akipunguza, mwimbaji anaonekana kaimbia nyuma ya pazia. Tofauti kati ya kampuni na kampuni iko sana hapo.

Kimpira

Hayo yote hayana maana kama kimpira hakijaziba. Upenyo mdogo kati ya mpira na ngozi hutoa besi nje, na spika ya milioni tatu ikasikika kama ya elfu tano. Namna ya kuvaa ni hii: pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza spika taratibu, kisha achia. Sema neno. Sauti yako ikivuma kama uko ndani ya pipa, imeziba. Vimpira vya sponji huziba vizuri zaidi kwa wengi, lakini kwenye baridi ya Kitulo ya Juni na Julai vinachelewa kuvimba. Vipashe moto viganjani kwanza.

Kuziba huku kunalinda pia masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mwenye spika zinazovuja hulazimika kuongeza sauti ili kushinda injini ya basi. Aliyeziba vizuri hana haja hiyo. Ila mpira huzuia zaidi kelele nyembamba kuliko ngurumo, na ndiyo maana ndani ya treni ya TAZARA spika zisizotumia waya, zenye mtambo wa kufuta kelele, zinaweza kumfaa msafiri kuliko hizi za bei mara tano. Barabarani, uwe kwa miguu au kwenye bodaboda, zivue zote.

Kuishi nazo

Spika za waya hudumu kama waya unatoka na nta inasafishika. ER4SR ina vichujio vya kubadilisha, na mrija wa SE846 unafunguka. Waya za zote tatu zinachomoka, ila tundu la IE 900 limezama ndani kiasi kwamba waya nyingine za sokoni hazifiki. Fundi simu wa Makambako anaweza kuchomelea pini iliyokatika. Ulimi uliokufa hawezi kuufufua, na kuurudisha kwa mtengenezaji ni safari ya nje ya nchi. Zisizo na waya zina ukomo wao: betri ikichoka baada ya miaka michache, nyingi hazifunguki.

Simu nayo ina neno. SE846 ni nyepesi kusukuma kiasi kwamba simu yenye saketi duni huacha mchakacho wa chinichini usiousikia njia panda, lakini Kitulo utakukera. Na Shure zimeghushiwa sana; bei ikiwa nusu ya kawaida, jihadhari.

Mpangilio wa matumizi, basi, ni huu: kwanza vimpira vinavyoziba, pili rekodi safi, tatu adapta ya kueleweka ya kuunganisha waya na simu, na mwisho kabisa spika ya bei mbaya. Msikilizaji wa kwaya aanze na Etymotic, mpenda besi aende Shure, na Sennheiser abaki nayo mwenye mahali tulivu pa kukaa na waya wa akiba. Anayesikiliza muda wake mwingi kandokando ya barabara kuu aishie hatua ya tatu, pesa inayobaki aitumie kwingine.