Giza Likiingia Katonga

Katonga hakuna anayetazama kalenda ya ukutani ili ajue deni litalipwa lini. Muuza duka akishaandika kwenye daftari kilo ya sukari na kipande cha sabuni, mvuvi humwambia maneno mawili tu: giza likiingia. Giza linalotajwa hapo si usiku wa kila siku. Ni zile siku ishirini na kidogo za kila mwezi ambazo anga la Ziwa Tanganyika huwa jeusi kiasi cha taa za wavuvi kuweza kuwaita dagaa. Siku zinazobaki ni za mbalamwezi, na mbalamwezi ikitanda ziwani, taa hazina kazi.

Mwalo wa Katonga uko kusini mwa mji wa Kigoma, ukishapita Bangwe, vilima vikiwa nyuma yake na maji mbele. Baada ya mvua hewa husafika, na milima ya Kongo huonekana ng'ambo kana kwamba mtu anaweza kuifikia kabla ya chakula cha mchana. Miezi ya kiangazi milima hiyo hupotea kabisa katika ukungu wa vumbi na moshi. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Lakini chini ya mita 100 hadi 200 hivi maji hayana hewa ya kutosha samaki kupumua. Kwa hiyo dagaa wote, migebuka wanaowawinda, kuhe na sangala wanaishi katika tabaka jembamba la juu, kama ukoko juu ya chungu kirefu mno. Mchana dagaa hushuka, usiku hupanda wakifuata vijidudu wanavyokula. Hapo ndipo mvuvi anawangojea.

Wazee wa mwambao huu walivua kwa mienge ya kuni na lusenga, wavu wa mpini mrefu wa kuchotea. Zikaja karabai za mafuta ya taa, na katika miaka ya 1950 ukaenea kutoka upande wa Burundi uvuvi wa mitumbwi pacha: mitumbwi miwili inafungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa juu yake, na samaki wakishajaa wavu unapandishwa. Siku hizi karabai zimewapisha taa za betri, lakini mpango ni ule ule. Ukisimama Katonga usiku wa giza, ziwa lote linafanana na mji uliohamia majini.

Alfajiri mitumbwi inarudi, na mwalo unakuwa wa wanawake. Wao ndio wanunuzi na waanikaji, na kwa maoni yangu ndio wanaolipa jina la dagaa wa Kigoma thamani yake. Dagaa walioanikwa juu ya chanja za wavu, wakapata jua kali la siku nzima, hung'aa kama fedha na hawana mchanga. Walioanikwa chini hutafuna meno ya mlaji. Msimu wa mvua ni wa wasiwasi: wingu likijikusanya juu ya vilima, wanaokota mzigo kwa mbio, wanawake kwa watoto, na aliyekwisha kuokota wake hukimbilia wa jirani. Mkopo wa pesa unaweza kukataliwa Katonga. Mikono wakati wa mvua haikataliwi.

Mbalamwezi ikija, mwalo hupoa. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa. Harusi na safari za kwenda kuwaona wakwe hupangwa siku hizo, maana kijana akiwa gizani humpati. Waislamu, nao ni wengi mwambao huu, wana jambo linalonipendeza sana: funga za sunna za tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu zinaangukia pale pale ambapo mwezi umepevuka na nyavu ziko nyumbani. Baada ya hapo mwezi huchelewa kuchomoza kila usiku, kipande cha giza kinarudi mwanzoni mwa usiku, na vijana wanaanza kuulizia mafuta ya injini.

Chakula cha Katonga kinakutanisha nchi nzima ya Kigoma kwenye sinia moja. Dagaa ni wa ziwani. Mawese ni ya michikichi ya mabondeni. Muhogo wa ugali unatoka kwenye mashamba ya Waha, na maharage yanashuka kutoka Kasulu. Sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, ni chakula ambacho Mkongo akikipata hapa hajioni mgeni. Mpishi anayejua kazi huanza na mawese: anayaacha motoni mpaka ubichi ukatike na wekundu upungue, ndipo vitunguu, ndipo nyanya, na dagaa mwisho ili wasivunjike. Anayeharakisha mawese atakula harufu. Kokwa la mchikichi halitupwi. Linatoa mafuta ya mise, ambayo ni mazuri kwa sabuni.

Mapishi haya ni ya zamani kuliko reli. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji, hapa jirani, mwezi Februari 1858, walikuta soko linalouza samaki, mawese na chumvi ya Uvinza, na shanga zikitumika kama fedha. Soko hilo hilo liliuza pia watu. Pembe na mateka walivushwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, na waliobaki hapa, watumwa, mabaharia, wapagazi na wafanyabiashara, waliijenga Ujiji iwe mji wa Kiswahili kilomita zaidi ya elfu moja kutoka baharini. Ndiyo sababu mwaloni utawasikia Mmanyema, Mbembe na Muha wakibishana bei kwa Kiswahili, kisha Muha akamgeukia mzee wa kwao na kumsalimu kwa kupiga makofi taratibu, mwili umeinama. Salamu hiyo haikatizwi, hata kama beseni la dagaa linavuja maji kichwani. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ndiyo iliyotupa jina la mwisho wa reli. Katonga hawaoni mwisho wowote: Burundi iko kaskazini, Zambia kusini, Kongo mbele ya macho, na dagaa wao wanafika kote huko.

Kinachowasumbua sasa ni upungufu wa dagaa. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hivyo upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Juu ya hilo mitumbwi imeongezeka. Serikali ikafunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wakati nchi jirani zinazolitumia ziwa nazo zikikubaliana kulipumzisha. Naamini ziwa lilihitaji mapumziko hayo. Lakini hesabu ya kufunga ziwa ilifanywa kwa tarehe, na Katonga wanahesabu kwa mwezi: kwao ilikuwa giza tatu mfululizo bila taa hata moja, na daftari la dukani likawa linaongezeka kurasa. Mama aliyezoea kuanika akawa anachoma mahindi barabarani. Ziwa lilipofunguliwa katikati ya Agosti, mwezi ulikuwa unakua kuelekea upevu, na wenye mitumbwi wakawa na siku kadhaa zaidi za kukaa ufukweni, taa zimechajiwa, wakitazama juu.