Mstari mweusi usioweza kutunza siri

Dereva wa lori aliyebeba mzigo kutoka Dar es Salaam, akishaipita Nyakanazi, safari huiona inaelekea ukingoni: Lusahunga, Nyakahura, kisha Benaco, ambako wa Kigali huteremka Rusumo na wa Bujumbura hushika njia ya Ngara kwenda Kabanga. Kwenye pochi yake, kando ya leseni na noti za posho, mara nyingi imo kadi ya benki. Nyuma ya kadi hiyo kuna mstari mweusi, na simama kwenye foleni yoyote ya ATM, Biharamulo mjini au Ngara, utasikia mambo ya ajabu juu yake. Huyu anasema salio limo mle. Yule anaapa kwamba namba ya siri ndiyo iliyofichwa mle. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Salio liko kwenye kompyuta za benki, na namba ya siri yenyewe haiandikwi kwenye mstari.

Kinachoandikwa ni kidogo mno. Mstari una njia tatu zilizolala sambamba. Ya kwanza, iliyobuniwa na mashirika ya ndege, hubeba hadi herufi na tarakimu 79, likiwemo jina la mwenye kadi. Ya pili, ya mabenki, hubeba tarakimu na alama 40 tu, na ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ya tatu ina nafasi 107, ila ni nadra kutumika. Jumlisha zote: 226. Meseji moja ya simu ina nafasi 160, kwa hiyo kadi nzima haijazi hata meseji mbili.

Aliyewahi kumiliki redio kaseti anaijua teknolojia hii. Ngara ilipopata Radio Kwizera mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya wakimbizi wa Rwanda kumiminika kupitia daraja la Rusumo, kaseti ilikuwa bado na heshima zake: unga wa oksidi ya chuma uliopakwa juu ya utepe wa plastiki. Mstari wa kadi ni ndugu yake wa damu. Mwaka 1960 mhandisi wa IBM, Forrest Parry, alikuwa akihangaika kuugandisha utepe wa sumaku kwenye kadi ya plastiki, na kila gundi aliyojaribu iliharibu kitu. Inasimuliwa kwamba mkewe, aliyekuwa akipiga pasi nguo, alimwambia atumie hiyo pasi. Joto likafanya kilichoishinda gundi.

Tofauti ni kwamba kaseti ilirekodi sauti ikipanda na kushuka, wakati kadi inajua sifuri na moja tu. Kwenye njia ya pili, kila biti, yaani kila sifuri au moja, inakaa kwenye kipande cha theluthi moja ya milimita. Mwanzoni mwa kila biti sumaku hugeuka mwelekeo. Kama biti ni sifuri, inatulia hadi biti inayofuata. Kama ni moja, inageuka tena katikati. Hapo ndipo ninapovua kofia, kwa sababu ujanja huu unamwezesha mtu kuchanja kadi kwa pupa au kwa kujivuta na mashine isichanganyikiwe. Mstari huanza na sifuri nyingi mfululizo, mashine inazitumia kupima mwendo wa mkono wako, kisha inaendelea kujirekebisha njiani.

Kwenye njia hiyo ya pili, tarakimu moja huchukua biti tano. Tano, kwa mfano, huandikwa 1010, kisha inaongezwa biti ya mlinzi ili idadi ya moja iwe witiri: 10101. Mchanga wa barabarani ukikwangua moja ya katikati, mashine itasoma 10001, itakuta moja ziko mbili, na itakataa. Hapo mhudumu wa sheli anaifuta kadi kwenye shati na kukuambia, “Haisomi.”

Anayetaka kuona kwa macho yake atafute kadi iliyokwisha muda, apite kwa fundi wa kuchomelea na kuomba unga wa chuma ulio laini kabisa. Nyunyiza juu ya mstari, gonga kadi taratibu pembeni. Unga ukiwa laini vya kutosha, utajipanga vistari vyembamba vilivyosimama, vingine vimesongamana, vingine vimeachana. Hiyo ndiyo namba ya akaunti ya kadi, imelala wazi bila kufuli.

Na hapo ndipo ugonjwa wake ulipo. Mstari humwambia kila anayeuliza, na humwambia maneno yaleyale kila siku. Mwizi aliyepachika kisomaji chake kwenye mdomo wa ATM, akaweka na kamera ndogo ya kuchungulia vidole, anatengeneza kadi pacha. Chipu ilikuja kutibu hilo: kila muamala inazalisha msimbo mpya, ambao aliyeuiba hawezi kuutumia tena kesho. Zile tarakimu tatu zilizochapwa nyuma ya kadi, za kununulia mtandaoni, nazo hazimo kwenye mstari. Wa kwake ni msimbo tofauti. Tena mstari wenyewe hujisema: baada ya tarehe ya mwisho kuna tarakimu tatu za huduma, na ya kwanza ikiwa 2 au 6 maana yake “mimi nina chipu.” Ndiyo maana ukiichanja kadi ya chipu, mashine inakuagiza uichomeke.

Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba ifikapo 2033 kadi zake hazitakuwa tena na mstari huu. Sidhani kama kuna dereva wa Rusumo atakayeulilia. Lakini kwa sasa bado una kazi ambayo wengi hawaijui: ATM nyingi hunusa mstari kwanza, hapo mdomoni, kabla ya kufungua kijilango na kuivuta kadi ndani. Ukiichomeka kinyume, haipati mstari, na kijilango hakifunguki hata kama chipu yako ni mpya kabisa.